Injinia Aliyeshona Mawe

Ukipita leo juu ya madaraja aliyoyafanyia kazi huwezi kujua kwamba yaliguswa. Hiyo ilikuwa fahari yake, na ndiyo iliyokuwa ikimkera. Injinia hakujenga daraja hata moja maishani mwake. Alichukua madaraja ya mawe ya zamani, yale ya upinde yaliyojengwa kwa ajili ya ng'ombe, baiskeli na gari moja moja la misheni, akayatia nguvu ili yabebe malori ya mchanga na tofali ya siku hizi. Alitoboa mashimo marefu, membamba, kutoka juu ya barabara mpaka ndani ya upinde, akaingiza nondo zisizoshika kutu, akajaza uji wa saruji, kisha akaziba juu kwa jiwe lile lile lililotolewa. Mafundi waliita kazi hiyo kushona. Siku ya mwisho daraja lilikuwa na sura ile ile ya siku ya kwanza, na wakubwa waliokuja kukagua waliuliza kazi yenyewe iko wapi.

Sisi wa ofisini tulimwita Injinia, kana kwamba Kigali nzima haikuwa na mwingine. Mafundi walimwita Mama. Alikulia Tanzania, upande wa Kagera, akarudi nyumbani mtu mzima, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Mimi nilikulia Kampala, na nilipoajiriwa chini yake nilikuja na Kiswahili cha kununulia ndizi. Alinisikiliza siku ya kwanza kwa huruma, akasema, "Binti wa Kampala, maneno unayo, ila umeyamwaga tu kama kokoto." Alinisahihisha mbele ya watu kwa miaka, na kama haya ninayoandika yanasomeka, ni kwa sababu hakuchoka. Nilimchukia kidogo mwanzoni. Baadaye nikawa nakosea makusudi ili anisahihishe.

Alikuwa mfupi, mnene wa kiasi, na alivaa sketi ya kitenge juu ya buti za mpira. Kofia ngumu ya kazini aliivaa juu ya kilemba, nayo haikumkaa hata siku moja. Mkoba wake ulikuwa mzuri, wa ngozi, wa kwendea kanisani, na ndani yake mlikuwa na nyundo ndogo. Kwa nyundo hiyo aligonga mawe ya kila daraja, moja baada ya jingine, ameinamisha kichwa. Jiwe lililoshikana vizuri na wenzake hutoa sauti kavu, na lililoachana nao hutoa sauti ya mtungi. Alinifundisha kusikia tofauti hiyo, na mpaka leo siwezi kupita karibu na ukuta wa mawe bila mkono kuniwasha.

Kabla ya kugonga aliwauliza watu. Siku ya kwanza kwenye daraja jipya hatukufungua hata sanduku la vifaa. Alikwenda nyumba iliyo karibu zaidi, akaomba kiti, akataka kujua maji hufika wapi wakati wa masika, lori gani lilipita likafanya vikombe vitikisike kabatini. Daraja likapewa jina la mwenye nyumba hiyo. Kwa hiyo tulikuwa na Daraja la Mama Klodine na Daraja la Mzee wa Nyuki, na kwenye mikutano ya wizarani Injinia aliyataja hivyo hivyo, bila aibu, mpaka wakubwa nao wakazoea.

Siku za uji zilikuwa sikukuu zetu. Asubuhi mama mmoja wa jirani alituletea igikoma, uji wa mtama wa kunywa, na Injinia alizungusha kikombe chake taratibu akiutazama unavyoshuka pembeni. Kisha alimwita Dezire, mwendesha mashine yetu ya kutobolea, Mrundi wa Bujumbura, mtu mwembamba asiyekosa misa ya Jumapili, akamwonyesha kikombe. Wa kwenye pipa ulitakiwa uwe hivyo: laini, usio na madonge, usiosimama wala kukimbia. Pampu ikishaanza hakuna aliyeruhusiwa kuondoka, maana uji ukikatika katikati ya shimo unaacha pengo ambalo hakuna jicho litakaloliona tena.

Alikuja mkubwa mmoja kututembelea siku kama hiyo, amevaa suti ya kijivu, na watu nyuma yake. Injinia hakumgeukia. Mkubwa akasogea karibu ili aonekane, naye Injinia akampa ndoo ashike. Aliishika mpaka shimo likajaa. Sisi tulitazama chini, tukidhani kesho tutakuwa hatuna kazi, lakini yule bwana akawa anasimulia kisa hicho mwenyewe kwenye sherehe za watu, na kila akisimulia ndoo ilizidi kuwa nzito.

Kulikuwa na desturi yake moja ambayo wageni hawakuipenda. Kazi ikiisha, lori la kwanza lililojaa mzigo lilipopita juu, wote tuliofanya kazi tulikaa chini ya upinde. Yeye alitangulia. Alikunja sketi, akakaa juu ya jiwe kando ya maji, sisi tukamzunguka, na lori likapita vichwani mwetu. Nilimuuliza mara moja kama ni imani au ni majivuno. Alisema si hili wala si lile, ila mtu anayejua kwamba mwishowe atakaa chini huchanganya uji kwa uangalifu. Mara ya kwanza nilifumba macho. Nilisikia mchanga kidogo ukidondoka majini, na Dezire akisali polepole kwa Kirundi.

Usidhani alikuwa malaika. Kwa mawe alikuwa na subira isiyo na mwisho, lakini kwa watu subira yake haikufika saa nne za asubuhi. Alimfukuza Dezire kazi mara nyingi sana, hata Dezire akaacha kwenda nyumbani akifukuzwa. Alikwenda kukaa kwenye kivuli cha daraja akala mkate wake, akingojea aitwe, na kabla ya jua kugeuka aliitwa. Hakuna aliyeomba msamaha. Injinia alimuuliza tu kama mashine ina mafuta.

Na alikosea pia. Kabla sijafika kulikuwa na daraja moja la kaskazini alilolipigania dhidi ya kila mtu. Ofisi ilitaka livunjwe, yeye akasema upinde ni mzima, akaushona vizuri kabisa. Masika yaliyofuata mto ulilichukua lote, na nondo zake, kwa sababu maji yalikuwa yamekwisha kula msingi. Kwa bahati hapakuwa na mtu juu yake. Aliingia mkutanoni akasimama mwenyewe, akasema alitazama mgongo akasahau miguu. Tangu hapo kila daraja alilianza kwa miguu, aliingia majini kabla ya yeyote, na vijana waliotaka kuanza juu walirudishwa kwa maneno makali.

Hakupenda kabisa mtindo wa kuyafunika madaraja hayo kwa zege. Wahandisi wengi walitaka hivyo, maana zege linaonekana na linapigwa picha. Yeye alisema ni kumvika mgonjwa koti ili usione anavyokonda. Lakini mimi niliyekuwa karibu naye nilijua kwamba wivu ulikuwemo. Wenzake walikuwa na madaraja ya kuwaonyesha watoto wao. Jumapili moja alimpeleka mjukuu wake kuona Daraja la Mama Klodine, na mtoto akauliza bibi alitengeneza nini hapo. Alinisimulia hayo huku akicheka, kisha kicheko kikaisha, akasema mpishi humwona mlaji akila, fundi cherehani huiona nguo ikivaliwa, ila yeye atakufa bila kuona ndani ya kazi yake hata mara moja.

Sasa niseme habari ya Ndera, kwa sababu bila Ndera ningekuwa nawaelezea mtu mwingine.

Daraja la Ndera lilikuwa bondeni, upinde mmoja mzuri wa mawe ya kijivu, na juu yake walipita wakulima na mihogo, vijana wa maziwa kwenye baiskeli, watoto wa shule, na watu wanaokwenda kuwaona wagonjwa wao hospitali. Tulilishona kwa kiangazi kimoja. Nondo zetu zilivalishwa mfuko wa kitambaa kabla ya kuingizwa shimoni, nasi tuliuita soksi. Uji unaingia ndani ya soksi, soksi inavimba, inakumbatia mawe pande zote, na uji haupotei kwenye kifusi kilichojazwa juu ya upinde. Shimo moja la upande wa juu wa maji, mto unakotokea, lilijaa mapema. Pampu ilianza kukaza wakati wengine wetu tulikuwa bado tunajipanga.

Dezire alisema, "Mama, hii tundu iko imeshiba. Tuiache."

"Imeshiba upesi mno," alisema Injinia.

Hofu yake ilikuwa kwamba soksi ilijikunja katikati, uji ukarundikana juu, na nusu ya chini ya nondo ikabaki tupu. Kutoboa shimo jingine pembeni kungeweza kuyalegeza mawe ya kileleni, na mawe hayo ndiyo yanayoufunga upinde mzima. Alizunguka hapo mpaka jioni. Kisha akaamua liachwe. Aliwaambia wakubwa wazi, nao wakamwonyesha kwamba hata shimo hilo likihesabiwa kuwa si kitu, nondo zilizobaki zinatosha. Yeye ndiye aliyepiga hesabu hizo. Alijua zinatosha. Lori likapita, sote tukiwa chini, hakuna kilichotokea, na akina mama wa bondeni wakapiga vigelegele.

Tangu hapo hakulala vizuri, na sisemi kwa kupamba. Kila masika yakiisha alikwenda Ndera. Alikwenda na nguo za kanisani, akaacha gari juu, akashuka majini na nyundo yake, akagonga. Mawe yalimjibu sauti kavu, nzuri, akarudi nyumbani, na baada ya wiki mbili moyo ukaanza kumsumbua tena. Hakulivuka kwa gari. Alivuka mto kwa kukanyaga mawe, huku malori yakipita juu. Nilimwambia kwamba anajitesa bure. Akaniuliza nani kati yangu na yeye amewahi kuona ndani.

Kwenye sherehe yake ya kustaafu walikodi ukumbi, wakaleta mishikaki na fanta, na wakubwa wakasema maneno mazuri. Alipopewa nafasi ya kushukuru alishukuru kwa sentensi mbili, kisha akawaeleza wageni habari ya shimo la Ndera, kwa urefu, mpaka binti yake akamvuta nguo. Watu walicheka wakidhani ni utani wa wahandisi. Mimi na Dezire hatukucheka.

Miaka ikapita. Dezire alipata mashine yake mwenyewe, akawa anafanya kazi Kinyinya, kwenye nyumba mpya zinazoota kila siku huko. Mimi nikahamishiwa barabara. Ndera nayo ikabadilika, mashamba yakawa viwanja, viwanja vikawa ghorofa, na barabara ya bondeni ikaonekana nyembamba. Ilibidi ipanuliwe, iwe na njia mbili na sehemu ya waenda kwa miguu. Nilikaa na michoro nikitafuta namna ya kuliacha daraja. Nilijaribu kulipitishia barabara kando, lakini huko kulikuwa na nyumba za watu waliomaliza tu kuezeka. Mwishowe jina lililokuwa chini ya pendekezo la kulivunja lilikuwa langu.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe, nyumbani kwake Rebero, kabla hajasikia kwa wengine. Goti lilikuwa limemharibikia na alitembea kwa fimbo. Alinipikia chai ya maziwa mwenyewe, hakutaka nimsaidie, akaketi. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, huku natazama mji ulivyotandazwa chini, kwa sababu sikuweza kumtazama.

"Ni wewe uliyeamua?" aliuliza.

"Ni mimi, Mama."

"Umehesabu vizuri?"

"Nimehesabu."

Akanywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Basi livunjwe," alisema. "Lakini nataka niwepo. Na uwaambie waanze upande wa juu wa maji."

Asubuhi ya siku hiyo kulikuwa na manyunyu. Nilimpitia Rebero, nikamweka kwenye kiti ukingoni mwa bonde, na Dezire, niliyempigia simu jana yake, akasimama nyuma yake na mwavuli. Mwendesha mashine ya kuvunjia alikuwa kijana mstaarabu, ila hakuelewa kwa nini anaombwa kuvunja polepole kitu kinachotakiwa kwisha kabla ya mchana. Nilimweleza. Akamtazama bibi kwenye kiti, akapunguza moto wa injini.

Mawe ya kwanza yalianguka majini, na mimi, niliyeweka jina langu kwenye uamuzi huo, nilitamani kulia. Kisha nondo zikaanza kuonekana. Moja, nyingine, nyingine, zote zimevaa koti nene la uji, soksi imevimba na kuingia kila pengo kati ya mawe, imeshika hata mashine ikapata shida. Ilikuwa kazi nzuri sana. Sijawahi kuona kazi nzuri kama ile, na nilimgeukia ili nimwone akiiona.

Hakuwa anaziangalia. Alikuwa anangojea ile moja.

Mashine ilipofika pale niliomba isimame. Tulimshika mikono, mimi na Dezire, tukamteremsha mpaka kwenye jiwe lililovunjika. Juu nondo ilikuwa imevaa. Katikati soksi ilikuwa imejikunja kama mkono wa shati, na kutoka hapo kwenda chini nondo ilikuwa tupu, safi, inang'aa kama siku tuliyoitoa kwenye gari, imesimama peke yake ndani ya shimo kavu.

Dezire alivua kofia. "Mama, ni mimi nilisema imeshiba. Unisamehe."

"Ulisema ulichokiona," alisema Injinia. "Mimi ndiye niliyeliacha."

Akapeleka vidole ndani ya shimo, akaigusa nondo pale ilipokuwa tupu, akaipapasa juu na chini. Nilidhani atafurahi kwamba alikuwa sahihi miaka yote, kwa sababu alipenda kuwa sahihi. Badala yake machozi yakamtoka, bila sauti, na hakuyafuta. Alisema watoto wote wale walipita hapa, na maziwa yote yale, na daraja lilikuwa limesimama bila hii. Alisema hao wazee waliopanga mawe haya, ambao hata majina yao hatuyajui, walimbebea kosa lake na hawakumwambia. Kisha akaniomba nimwonyeshe zile nyingine. Sasa aliziangalia moja moja, akaziwekea mkono, akatingisha kichwa kwa kuridhika, na Dezire akamweleza ni nani alichanganya uji wa ipi.

Tulipomaliza hakutaka kupanda. Alikaa kwenye jiwe, fimbo magotini, mashine ikingoja juu yetu.

"Na wewe," alisema, "la kwako liko wapi?"

"La kwangu lipi, Mama?"

"Usinichezee. Nimekufundisha mwenyewe. Lile linalokuamsha."

Ningeweza kukataa. Lakini liko. Liko Kinyinya, kwenye upinde mdogo nilioushona peke yangu baada ya yeye kustaafu, karibu na ukuta wa kushoto, ambapo maji ya kupoozea mashine ya kutobolea yalipotea ghafla ndani ya mawe na sikujua yamekwenda wapi. Hesabu zinatosha. Wakubwa waliridhika. Nikamsimulia lote, pale pale kwenye manyunyu, na yeye akaniuliza kina cha shimo, na rangi ya maji yalipotokea upande wa pili, na kama nimepita huko tangu masika yaishe. Nilisema nimepita. Nilisema napita kila mara, hata Jumapili.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kitambaa mkobani, akafuta uso wake, akanyoosha mkono ili nimwinue.

"Haya," alisema. "Sasa nimestaafu."